Sungura kwa Fisi

Paukwa! Pakawa! Palikuwa na pori ambalo watoto wa swala kumi na wawili walilala katika zizi moja la miiba. Mchana walilindwa na Sungura, usiku na Fisi. Asubuhi moja walihesabiwa wakawa kumi na mmoja. Mama Swala akainama mlangoni, akaokota ukwato mmoja mdogo, ungali na udongo mbichi.

Akaupeleka kwa Mzee Tembo, mkuu wa pori. Tembo hakusitasita. "Kuanzia leo Fisi atoke, Sungura aingie," akasema, akamgeukia Kasuku, karani wake.

"Mkuu, amri ya serikali haiandikwi kwa lugha ya kisimani," Kasuku akajibu. Wengi wetu tumekua tukiambiwa hivyohivyo. Tanzania yenyewe ilifika mwaka 2021 ndipo sheria ikatamka kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kasuku akachovya unyoya kwenye wino, akaandika: "Substitute Sungura for Fisi." Kiingereza chake kilikuwa sahihi kabisa, na msiba ulianzia hapo.

Zizini barua ilipokewa na Nyani, msimamizi wa zamu. Akaitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya kuhutubia: "Mbadilisheni Sungura kwa Fisi!" Kwetu sisi, ukibadilisha shati jekundu kwa jeupe, jekundu ndilo unalovua. Basi Sungura akanyang'anywa zamu yake ya mchana, na Fisi akakabidhiwa zizi mchana na usiku. Fisi kapewa bucha.

"Mzee Nyani," Mama Swala akauliza, "nieleze kwa maneno yetu. Anayetoka ni nani?"

"Barua ya ofisi haihojiwi, mama."

Zikapita siku mbili, na watoto wawili.

Siku ya tatu akapita Kobe, mstaafu wa ofisi nyingi. Aliisoma barua mara mbili, kisha akaweka chini mawe mawili, moja jeupe na moja jeusi. "Jeupe ni Sungura, jeusi ni Fisi. Neno hili 'substitute' likifuatwa na 'for', anayetajwa kwanza ndiye anayeingia." Akalisogeza jeupe mbele, jeusi akalitupa nje ya miiba. "Angeandika 'replace', anayetajwa kwanza ndiye angetoka. Maneno mawili ya kazi moja, na yanatembea kinyume."

Hata wenye lugha yao hulikosea neno 'substitute'. Fainali za Kombe la Dunia zilianza kuruhusu wachezaji wa akiba mwaka 1970, kule Mexico, na leo ukisikiliza mpira kwa Kiingereza utasikia neno lilelile likitumika kwa mchezaji anayekwenda kukaa benchi. Sasa Nyani wa porini angelijuaje? Hilo simlaumu. Namlaumu kwa swali la mama.

Tembo akaitisha baraza. Nyani akajitetea: "Amri ile niliitekeleza kwa niaba tu, mkuu. Kosa ni la mwenye amri." Ndivyo wasemavyo wengi walio nyuma ya 'on behalf of', au zile herufi mbili, p.p., zinazotangulia saini ya mtu anayemsainia mwenzake.

Tembo akanyamaza kitambo. "Niaba na naibu ni maneno ya mzizi mmoja, yametoka kwenye Kiarabu," akasema. "Yote yana mtu nyuma yake, na mtu huyo ni mimi. Barua niliyoiacha iandikwe kwa lugha ambayo wenye watoto hawaisomi, nitaijibu mimi. Lakini mama alikuuliza anayetoka ni nani, ukakataa kumjibu. Kukataa kule sikukutuma. Kule ni kwako mwenyewe."

Nyani akavuliwa usimamizi. Fisi akafukuzwa mpaka ng'ambo ya mto. Kasuku alibaki karani, kwa sharti moja: kila barua ya kumweka mtu mahali pa mwenzake ianze na jina la anayetoka, lifuate la anayeingia, kwa lugha ya kisimani.

Amri mpya ikabandikwa kwenye mbuyu: Fisi atoke. Sungura aingie. Mama Swala aliisoma mwenyewe, bila mkalimani. Kisha akarudi zizini kuhesabu watoto. Walikuwa tisa.