Mwongozo wa Kuishi na Mkono Unaojialika Kazini

Siku ya soko pale Misikhu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, mtazame fundi wa bodaboda akifungua nati iliyoshika kutu. Mkono wa kulia unavuta spana. Wa kushoto, ambao haukuitwa, nao umefumba ngumi na kukaza vidole kama uliopewa nusu ya malipo. Wengi wetu tuna mkono wa namna hii. Zifuate hatua hizi, mtaelewana.

1. Ukamate. Keti, uweke mikono yote mapajani. Kwa mkono usioandikia, gusisha kidole gumba na kila kidole kingine, upesi upesi. Sasa mtazame mwenzake. Vidole vikichezacheza, umeupata.

2. Usiusingizie uchawi. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto. Katikati pana fungu nene la neva ziunganishazo pande hizo, na kazi yake mojawapo ni kuutuliza upande usiohusika. Kazi ikiwa nzito au ngeni, au ukiwa umechoka, sehemu ya amri hupenya hadi mkono wa pili.

3. Mwache mtoto amalize sentensi yake. Anayejifunza kuandika huchezesha mkono wa pili, na ulimi nao hutoka kuchungulia. Neva zake bado zinakomaa. Kwa watoto wengi mambo haya hufifia wakikaribia miaka 10. Usimfunge mkono, usimkejeli, usimchape. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na hakijawahi kukomaza ubongo wa mtu.

4. Upe mkono huo kazi halali. Ushikilie daftari mwenzake akiandika. Ukitaka kuuendeleza zaidi, jifunze kupiga litungu, ala ya muziki ya Wabukusu: nyuzi 7, na kila mkono una nyuzi zake za kudonoa. Anza polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, halafu yote pamoja. Vidole hufundishika.

5. Mheshimu aliyezaliwa nao. Kuna watu wachache ambao mkono mmoja huuiga mwingine waziwazi tangu utotoni hadi uzeeni, na mara nyingine hali hii hurithiwa katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti waliihusisha na jeni iitwayo DCC, inayosaidia kuongoza neva zinapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine mtoto akiwa tumboni. Akili zao ni timamu. Kinachowasumbua ni kufunga vifungo, na maumivu ya mkono wakiandika kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa hivyo anastahili dakika za ziada za mtihani.

6. Jua pa kukimbilia. Mtu mzima ambaye hakuwa na hali hii, kisha ikamwanza, aonwe na daktari. Na kama upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, mdomo umepinda au maneno yanakwama, hicho huenda ni kiharusi: mpelekeni hospitali ya Webuye au ya rufaa ya Bungoma saa hiyo hiyo. Msingoje kupambazuke, wala msingoje mjomba afike kutoka Kitale.

Ukishamaliza kusoma, mpelekee mwalimu wa mwanao hatua ya tatu. Ukiweza, mpelekee na nyanya yake.