Rangi ya Ubuyu Msalani

Choo chetu kilikuwa na siri, na kila mtu nyumbani alikuwa na kipande chake cha siri hiyo. Mke wangu alikwisha kuona maji ya kwenye sinki la choo yakitikisika ilhali hakuna aliyevuta. Kitinda mimba wetu alikuwa akisikia usiku kitu kinapiga "sss" nyuma ya mlango, na kwa kuwa madrasa wamemfundisha kwamba msalani ndiko majini yanakopenda kukaa, na kwamba uingie kwa mguu wa kushoto baada ya dua, yeye akaona salama zaidi ni kulowesha godoro. Kaka yake wa sekondari alijua kila kitu na hakusema chochote, maana ndivyo vijana wa sekondari walivyo. Mimi nilikuwa na ankara ya maji.

Kama tungekaa jioni moja tukaunganisha vipande hivyo, jambo lingeisha. Lakini sisi watu wa Bagamoyo, na Pwani kwa jumla, tumelelewa kwamba habari za msalani hazizungumzwi. Mgeni akitaka kwenda, hunong'ona. Akirudi, wote hutazama pembeni, na mazungumzo huanzia palepale alipoyaacha. Adabu hii imelinda heshima ya nyumba nyingi, na imemwaga maji mengi sana.

Ankara ilipopanda nilianza na washukiwa wa kawaida. Nilimshuku mpangaji wa chumba cha uani kwamba anafua nguo za mtaa mzima. Nilimshuku mke wangu na biashara yake ya ubuyu, ingawa sufuria zima la ubuyu halitaki maji hata ya kuoshea miguu. Mwisho nikaishuku mita yenyewe, nikaamka kabla ya adhana kwenda kuichungulia kwa tochi ya simu. Watu wote wamelala, koki zote zimefungwa, na kile kigurudumu kidogo cha ndani ya mita kinazunguka taratibu, hakina haraka, kama mtu aliyeajiriwa serikalini kwa mkataba wa kudumu.

Nikampigia fundi bomba. "Hicho ni choo, mzee," alisema kabla sijamaliza maelezo. "Bomba likivuja utaona tope. Choo kikivuja huoni kitu, kinameza chenyewe." Akanipa kipimo: tia rangi kwenye tangi la choo, asivute mtu kwa nusu saa, halafu katazame sinki. Rangi ikishuka yenyewe, basi kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi hakikazi. Isiposhuka, mtafute mchawi wako kwingine.

Rangi haikuwa tabu. Nyumba inayouza ubuyu ina rangi nyekundu ya kutosha kupaka jahazi. Tabu ilikuwa kulifikia hilo tangi. Aliyeijenga nyumba hii alikuwa mcha Mungu. Kwetu Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja, na mtu hapaswi kukidhi haja akiwa ameelekea kibla wala akiwa amekipa mgongo. Kwa hiyo sinki letu linatazama magharibi, limekingama katika chumba ambacho ramani ilitaka litazame kaskazini, na tangi limebanwa kati ya ukuta na dirisha. Mfuniko hautoki mpaka upitishe mkono mmoja nje, katikati ya nondo. Jirani aliyekuwa akianika ng'onda upande wa pili aliuona mkono wangu ukichomoza dirishani, akauamkia.

Nilitia rangi. Nikatangaza nyumba nzima kwamba hakuna kuvuta maji. Wote walisikia isipokuwa baba mkwe, aliyekuwa msikitini kwa sala ya alasiri.

Mzee alikuwa amefika siku hiyo kutoka kwao Saadani, kwa njia ya Makurunge, na kapu la kamba na salamu za ukoo mzima. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na kijiji chao kiko kati ya bahari na wanyama. Mzee huyu amezoea kutoka usiku kwenda chooni huku akisikiliza kwanza kama kuna nyati. Si mtu wa kushtushwa na jambo dogo.

Nusu saa ilipotimia niliingia. Maji ya kwenye sinki yalikuwa mekundu, tena wekundu wa biashara. Nikatoka nimekunja uso, nikiwaza shilingi zangu, na mlangoni nikapishana na baba mkwe, kopo mkononi. Aliingia. Akatoka upesi kuliko alivyoingia.

Hakusema neno, ni mtu wa adabu zake. Alikaa barazani, akavuta tasbihi, akangoja watoto watawanyike, ndipo akaniita.

"Mkwe wangu, nimeona huko msalani."

"Ah, umeona, baba? Mekundu kabisa, sivyo?"

"Mekundu." Akameza mate. "Yameanza lini?"

"Si leo. Nadhani tangu kabla ya Ramadhani. Yanatoka kidogo kidogo, lakini mfululizo, usiku na mchana."

"Mfululizo! Na maumivu?"

"Maumivu tunayapata mwisho wa mwezi, baba."

Alilitafakari hilo kwa muda. "Binti yangu anajua?"

"Anajua. Tumekubaliana tu tusiwatangazie watu mpaka itengenezwe."

"Umeshaonana na mtu?"

"Kesho anakuja fundi."

"Fundi? Si hospitali?"

"Hospitali ya nini, baba? Ni kazi ndogo. Ataweka mpira mpya. Mpira ukikataa, ataondoa mashine yote ya ndani atie nyingine ya Kichina."

Mzee alisimama, akakaa tena. Kisha akaniombea dua ndefu, ambayo niliona imezidi kiasi kwa ajili ya choo.

Nimtetee mzee hapa. Amekulia karibu na Mto Wami, na mtoto aliyeogelea maji baridi ya huku anakijua kichocho kama anavyomjua shangazi yake. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi, ikaenda kukaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu, na mgonjwa akaanza kukojoa damu. Siku hizi watoto hupewa prazikwanteli shuleni. Wangu walisimamishwa kwenye ufito wa kupimia urefu ili ijulikane kila mmoja ameze vidonge vingapi. Zamani za baba mkwe hakukuwa na fito. Kwa mtu wa rika lake, maji mekundu msalani yana tafsiri moja tu, na hayahusiani na ubuyu. Ajabu ni kwamba mnyoo huo uligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akiwa Cairo mwaka 1851, na mwaka huohuo huko London fundi mmoja, George Jennings, alifunga vyoo vya kuvuta maji kwenye maonyesho makubwa ya Crystal Palace, akawatoza watu peni moja kwa kila haja. Mambo mawili aliyoyachanganya mzee wangu yalijitokeza duniani mwaka mmoja, kwa hiyo hakukosea sana.

Jioni ile simu zilianza. Shangazi wa mke wangu alipiga kutoka Saadani kuniambia nisikate tamaa, wapo wanaume wengi wamepitia na sasa ni wazima. Mimi nikidhani anazungumzia ankara, nikamshukuru na kumwambia kwamba hata jirani yangu wa mkono wa kulia analo tatizo hilo, tena lake kubwa zaidi, ila mwenyewe hataki kusema. Mama mkwe alizungumza na binti yake faragha, akamuuliza kwa upole kama watoto waliopo hawatoshi. Kabla ya isha mwendesha bodaboda alileta mizizi imefungwa kwenye kipande cha kanga, mafungu mawili. Fungu la pili lilikuwa la jirani.

Asubuhi baba mkwe alikuwa barazani mapema kumkagua huyo fundi. Nadhani alitarajia mzee mwenzake na mkoba wa dawa. Akaja kijana kavaa jezi ya Yanga, amebeba mfuko wa saruji uliojaa vyuma.

"Kijana, umeshawashughulikia wangapi?" mzee alimzuia mlangoni.

"Mtaa huu, mzee, karibu nyumba zote."

"Na inakoma?"

"Inakoma. Wengine inarudi baada ya mwaka, kutegemea na maji wanayotumia."

Tuliingia msalani mimi na fundi, na kwa ufinyu wa kile chumba ikabidi mlango ufungwe ndipo wawili tuenee. Nikapitisha mkono wangu dirishani kama kawaida, mfuniko ukatoka. Fundi akatia rangi tena kuhakikisha, akachungulia, akatikisa kichwa. "Hii mashine imekufa zamani, mzee," alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu walio juu ya paa. "Imejaa chumvi. Shika hapo, mimi navuta." Halafu akamwita mwanangu aliyekuwa nje: "Dogo! Niletee spana malaya!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Nafikiri baba mkwe alikuja kuniokoa. Alichokiona ni mkwewe amekwama dirishani hadi begani, kijana wa Yanga kakumbatia mfuniko wa tangi, na humo tangini maji mekundu. Akatazama tangi. Akatazama sinki. Mke wangu akatokea nyuma yake na kopo la rangi ya ubuyu, akitaka kujua kama tumemaliza kulitumia, maana ana oda.

"Kumbe ni choo," alisema baba mkwe.

"Choo, baba."

Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Kuanzia hapo aligeuka msimamizi wa kazi, na kwa kweli alituokolea fedha. Fundi alikuwa amekwisha kuamua kwamba mashine nzima itolewe, kwa sababu mafundi wote duniani wana imani hiyo. Mzee akasema chombo kilicholiwa na chumvi huoshwa kwanza. Kwao chumvi inavunwa kando ya kijiji na wanaijua tabia yake. Tukafunga koki ndogo ya ukutani, tukatoa maji, tukakitoa kizibo. Kilikuwa na ukoko mweupe pande zote. Sisi huchanganya maji ya bomba na ya kisima kwenye simtanki, na maji ya kisima cha Pwani huacha chokaa na chumvi kila yanapopita. Siki ya jikoni iliula ule ukoko kwenye kikalio cha kizibo ukatoka wote. Kizibo chenyewe kilikuwa kimekakamaa na kupinda, kikanunuliwa kipya kwa shilingi elfu chache, bei ya chipsi na mishikaki.

Ilibaki boya. Boya hupanda na maji, likifika juu husukuma mkono unaofunga maji. Letu lilikuwa limefungwa juu mno, hivyo maji yalikuwa yakifika kwenye mdomo wa lile bomba la kati la kufurikia, yanateremka humo kimya kimya hadi kwenye sinki. Yaani tulikuwa na uvujaji wa aina mbili, mmoja chini na mmoja juu, ukisaidiana. Fundi alilishusha boya mpaka maji yakasimama vidole viwili chini ya mdomo wa bomba hilo. Tukatia rangi upya. Safari hii mlangoni alisimama baba mkwe mwenyewe, na hakupita mtu. Nusu saa baadaye sinki lilikuwa jeupe.

Kwa mita niliyoichungulia alfajiri ile, choo kilikuwa kinakunywa kama nusu lita kwa dakika. Ni maji ya kuchuruzika tu, wala huyasikii mchana. Lakini nusu lita kwa dakika ni lita 30 kwa saa, lita 720 kwa siku. Ni ndoo 36 za lita ishirini. Kwa siku 30 ni lita 21,600, na kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, tulikuwa tunalipia zaidi ya uniti 21 ambazo hazikumwosha mtu wala kupika wali. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwagombeza watoto wasipige mswaki koki ikiwa wazi. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini uko wilayani kwetu Bagamoyo, na maji yake ndiyo yanayokwenda kunywewa Dar es Salaam. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji lile liliingia kwenye mgawo na watu wakapanga madumu barabarani. Sijui ni matangi mangapi ya vyoo yaliyokuwa yakipiga "sss" wakati huohuo.

Baba mkwe hakuona haja ya mjadala. Hukumu yake ni kwamba tangi lote ling'olewe, turudi kwenye kopo na birika, kwani birika halina boya. Nilimwambia kwamba hata nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika msalani, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Lilikuwa kosa la kimkakati. Sasa anataka kutuletea samaki. Tulipatana kwa njia ya kati: tangi letu ni la zamani, la lita tisa, kwa hiyo ndani tumesimamisha chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji, mbali na boya, na kila mvuto unapungua kwa kiasi hicho. Fundi alitukataza tofali. Tofali humong'onyoka, na mchanga wake huenda kukaa palepale chini ya kizibo.

Msomaji, usingoje ankara. Usiku wa leo wakishalala wote, katazame mita yako. Kigurudumu kikiwa kinazunguka, tia rangi kwenye tangi la choo na uhesabu nusu saa. Tia ya kijani, na mwambie kila aliyemo ndani, kuanzia na wakwe. Mizizi ya shangazi bado ninayo, mafungu yote mawili, kwani jirani amelikataa lake na hadi leo hatusemeshani. Anayeihitaji aje aichukue.