Kamongo Nyuma ya Gunia la Sembe

Mama mkwe alifika kutoka Magu Ijumaa jioni, akafungua friji kutafuta maji ya kunywa, akakutana na kopo la minyoo. Lilikuwa limefungwa vizuri, limewekwa peke yake rafu ya chini, mbali na nyanya na maziwa. Alifunga friji taratibu, akaketi, akauliza, "Hii ni dawa ya nani?"

Kitinda mimba wangu, ambaye bado hajajua kuficha neno, akamjibu, "Bibi, hicho ni chambo cha mama."

Nyumbani kwetu Nyegezi mvuvi ni mimi. Baba watoto ni fundi wa magari. Mikono yake haitulii, na ndoano inataka mikono iliyotulia. Jumamosi jioni, nguo zikishaanikwa, nachukua ufito, mshipi na kapu, nakwenda kwenye mawe ya Luchelele. Majirani walichukua muda kuzoea, maana sehemu nyingi za ziwa letu, Ziwa Viktoria, ipo imani kwamba mwanamke akipanda mtumbwi wa uvuvi nyavu zitarudi tupu. Mwanamke hutegemewa kumpokea samaki nchi kavu: kuanika dagaa, kukaanga, kuuza. Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, alfajiri uone ni nani wanaoibeba biashara ile. Lakini akionekana ameshika ndoano kwa raha yake mwenyewe, wapita njia husimama.

"Mkwe wangu," mama aliniambia tulipokaa kula, "sato wamejaa sokoni. Unakwenda kukaa juu ya jiwe kutafuta nini?"

Kabla sijapata nafasi ya kumjibu sawasawa, aliingia kamongo.

Kesho yake jioni, pembeni ya matete, mshipi ulikaza kana kwamba ndoano imenasa kwenye mzizi. Kisha mzizi ukaanza kutembea. Baba watoto, aliyekuja kunichukua kwa pikipiki, alimwona kamongo akitokeza na papo hapo akaamua: mama yake atapikiwa samaki huyu Jumapili mchana, na atakaa mzima hadi asubuhi ili nyama isiharibike. Tukamtia kwenye beseni la kufulia bafuni, maji kidogo, sinia juu yake, tofali juu ya sinia.

Kamongo ana mapafu. Hata akiwa ziwani lazima apande juu kuvuta hewa, na akizuiwa chini ya maji hufa. Kiangazi kikikausha bwawa, hujichimbia kwenye tope, akajizungushia ute unaokauka kama ganda, akasubiri mvua hata kwa miezi. Kiumbe aliyeumbiwa uvumilivu wa namna hiyo hawezi kushindwa na sinia.

Usiku wa manane kishindo kiliamsha nyumba nzima. Umeme ulikuwa umekatika. Kwa tochi ya simu tukaona utelezi uking'aa sakafuni: umetoka bafuni, umepita mlangoni kwa watoto, umeingia stoo. Watoto wa kiume wakapanda kitandani wote wawili. Binti yangu mkubwa akashika taa. Baba watoto akaingiza mpini wa ufagio nyuma ya gunia la sembe, na kamongo akaung'ata akaung'ang'ania. Taya zake ni za kuvunjia konokono, wakiwamo wale wanaobeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo mpini haukumpa taabu. Wakavutana. Gunia likapasuka, unga ukamwagika, na kamongo akatokea upande wa pili, mweupe kichwa hadi mkia, akielekea sebuleni.

Hapo ndipo mama mkwe alipotoka, kanga kiunoni. "Acheni kumpigia kelele. Nipeni gunia tupu." Alilaza gunia sakafuni mdomo wazi, akamzungukia mnyama kwa nyuma, akagonga sakafu kwa mwiko. "Huyu anapenda giza. Mfungulie giza, ataingia mwenyewe." Kamongo akaingia. Mama akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, akanawa mikono, akaomba chai.

Tuliketi jikoni tukichekecha unga uliosalia, na usiku ule nikapata kumjibu. Nilimweleza kuhusu boya langu, kipande cha ndala kilichochongwa. Kila samaki analigusa kwa namna yake. Furu hudonoa haraka haraka na kukuachia ndoano tupu. Sato hulitikisa, hutulia, kisha hulivuta pembeni kwa adabu. Gogogo akitolewa majini hulia, na miiba yake inataka umwekee kitambaa kabla hujamshika. Kati ya mguso mmoja na mwingine hakuna anayeniita, hakuna sufuria inayochemka, na kichwa changu kinapumzika kwa kufanya kazi moja tu: kutazama. Wageni husafiri kutoka ng'ambo hadi Hifadhi ya Taifa Rubondo kumvua sangara kwa burudani tu, na tunawapokea kwa heshima. Uingereza kuna wanaume na wanawake wanaolala kwenye mahema kando ya mabwawa wakimsubiri samaki aitwaye kapu, wakimpata wanampima uzito na kumrudisha majini. Raha hiyo hiyo iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwangu.

"Wanamrudisha?" mama akauliza. Nikamwambia hata mimi narudisha sato wasiofika sentimita 25, maana sheria inawalinda na mimi nataka nao wazaliane.

Akanyamaza akichekecha. Kisha akasimulia habari za ningu. Ningu na kuyu ni jamaa wa samaki yule kapu katika ziwa letu. Mvua za masika zikishuka, ningu hupanda mito kwenda kutaga, na mama aliwaona Mto Simiyu ukijaa. Wajomba zake walitega migono, na yeye, binti mdogo, ndiye aliyepewa kazi ya kuwatoa mmoja mmoja. "Walikuwa wanaruka mikononi," alisema. "Nilikuwa nacheka peke yangu." Nyavu za makila zilikuwa zimeingia ziwani tangu mwaka 1905, na zilipozidi kutegwa midomoni mwa mito ziliwakamata ningu wenye mayai kabla hawajataga. Leo ningu ni samaki wa kubahatisha. Mama alilijua hilo kwa macho yake, na kulisema kulimuuma.

Jumapili kamongo alipikwa mchuzi mzito wa nyanya. Mama alikula, akasifu, kisha akatoa hukumu zake mbele ya familia nzima. Kwanza, kopo la minyoo liondoke kwenye friji, likae kwenye kivuli nyuma ya tanki la maji. Pili, binti afundishwe kuchomoa ndoano mwenyewe, asisubiri kaka zake. Tatu, mama wa nyumba hii akitoka na ufito wake, baba ndiye anayesonga ugali.

Hukumu zote tatu zinatekelezwa. Minyoo hustawi vizuri zaidi kule kivulini, binti amekwisha kumchomoa gogogo bila kuchomwa, na Jumamosi jioni nyumbani kwetu siulizwi tena ninatafuta nini ziwani. Linaloulizwa ni unga wa ugali umebaki kiasi gani.