Adapta ya Dunia Nzima, Isipokuwa Unapokwenda

Mtu wa ukoo wetu akishapata viza, kila mmoja humsindikiza kwa alichonacho. Wazee hutoa dua, mama wadogo hufunga dagaa kwenye magazeti, na mimi hutoa adapta. Cheo hiki sikukiomba. Nina kopo la biskuti lililojaa vichwa vya plastiki, vyeupe na vyeusi, na habari zake zimefika mpaka kwa watu ambao undugu wetu lazima uelezwe kwa kuchora chini kwa kidole. Wanakuja usiku, safari ni kesho alfajiri, wanapiga hodi: "Tumeambiwa una yale madude."

Namuuliza kwanza anakwenda wapi, na wengi hununa nikiwarudisha mikono mitupu. Anayekwenda London, Dubai, Muscat, Doha au Kuala Lumpur hahitaji kitu. Huko kote atakuta plagi yetu hii hii ya miguu mitatu bapa. Hata Saudia ni hiyo hiyo. Nilimweleza hivyo baba mdogo alipokuwa anajiandaa kwenda Hija, naye akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akapitia Kariakoo kununua adapta, kwa kuwa jirani yake aliyekwenda mwaka uliotangulia alikuwa nayo. Alirudi nayo ikiwa bado ndani ya karatasi yake ya nailoni. Mpaka leo anasema ilimsaidia sana.

Kazi ipo kwa majirani. Mtu wa Kigoma anaweza kuruka mpaka Singapore na chaja yake ikaingia ukutani bila maneno, lakini akivuka tu kwenda Bujumbura, hapo pua na mdomo, anakuta vitundu viwili vya duara na mara nyingine msumari umechomoza juu yake kama unamkanya. Lubumbashi vilevile. Mbelgiji alipita na soketi zake, Mwingereza alipita na zake, wakaondoka, na sisi tukabaki na mpaka mwingine ambao hauna hata afisa wa kuombwa.

Plagi yetu, kwa haki yake, ilifikiriwa vizuri. Waingereza waliipitisha mwaka 1947, baada ya vita, na katika kamati iliyoiandalia njia alikuwamo mhandisi Caroline Haslett, mwanamke aliyehangaika sana na usalama wa umeme majumbani. Ndani ya plagi wakatia fyuzi. Mguu wa juu wakaufanya mrefu kuliko wenzake, ili uingie kwanza na kusukuma vilango vidogo vinavyoziba vitundu viwili vya chini. Shabaha ilikuwa mtoto asiweze kuchomeka kitu chochote humo.

Njoo Tanzania uone mtoto. Hajaanza darasa la kwanza, lakini anajua kwamba chaja ya miguu miwili ikikataa, unatafuta kijiti, unakipitisha kitundu cha juu, vilango vinafunguka, unasukuma chaja, kisha unachomoa kijiti kwa utaratibu ili isitoke nayo. Asipopata kijiti anatumia kifuniko cha kalamu. Nimeona saluni ambamo kijiti hicho kimefungwa kamba na kuning'inizwa kwenye soketi, mali ya ofisi, kisipotee. Ni hatari, ndiyo, na nyumbani kwangu nimepiga marufuku. Marufuku hiyo inaheshimiwa nikiwapo.

Ujuzi huo ndio unaotuponza ugenini. Mtu aliyelelewa na kijiti anaamini hakuna soketi isiyosikia maneno.

Ofisini kwetu kuna bwana mmoja wa uhasibu ambaye hasafiri bila kujipanga. Tulipotumwa pamoja Johannesburg kwenye warsha, alikuwa amenunua ile adapta ya dunia nzima: kiboksi cheusi chenye ramani ya dunia mgongoni na vitufe vya kuteleza ubavuni, na kwenye pakiti imeandikwa nchi zaidi ya 150. Uwanja wa ndege alinionyesha. Unateleza hapa, inatoka ya Marekani, miguu miwili bapa. Hapa, Ulaya, miwili ya duara. Hapa, Australia, ile iliyokaa upande upande. Nikamwambia mimi nina ya Afrika Kusini peke yake, nene, nimeitoa kwenye kopo, na kama atahitaji nina ya pili. Akanicheka. Kwa nini mtu abebe nchi moja wakati zipo 150?

Hoteli ilikuwa ya zamani. Ukutani palikuwa na vitundu vitatu vya duara, vinene, vya ampea 15, aina ambayo Waingereza waliibuni kisha wakaiacha, lakini Afrika Kusini hawakuiacha. Adapta nyingi za dunia nzima hazina miguu hiyo, kwa sababu unene wake hauenei ndani ya kiboksi cha kutia mfukoni. Dunia yao inaishia Mto Limpopo.

Chumba chake kilipakana na changu, na kuta zilikuwa nyembamba. Nilimsikia akiteleza Marekani. Kimya. Akateleza Ulaya. Kimya kirefu. Akateleza Australia kwa nguvu. Baadaye nikasikia kabati linavutwa, nikajua amekwenda nyuma ya televisheni kutafuta tundu la waya wa simu. Simu ilipona. Kompyuta mpakato yenye mada yake ya kesho asubuhi ilikuwa imebaki na chaji asilimia 9. Nilikuwa nimeiweka ile adapta ya pili juu ya meza, karibu na mlango, nikingoja hodi. Haikupigwa. Alishuka mapokezi, na dada wa pale, bila kuuliza kitu, akafungua droo iliyojaa adapta zilizosahauliwa na wageni akamwambia achague. Asubuhi alitoa mada yake vizuri kabisa na hakuangalia upande wangu hata mara moja.

(Wasafiri wote waijue droo hiyo. Karibu kila hoteli inayo.)

Hoteli zina kisa chao kingine, kile kikadi cha mlango unachotakiwa kukiacha kwenye kitundu cha ukutani ndipo umeme uwake. Ukitoka nacho, chumba chote kinazima, pamoja na simu uliyoiacha ikichaji. Shemeji yangu aligundua kwamba kitundu hicho hakina ubaguzi, akawa anakiachia kadi yake ya mpiga kura anapokwenda kula.

Lakini hayo yote ni mambo ya umbo, na umbo halijawahi kumuunguza mtu. Balaa huja pale miguu inapoingia vizuri. Adapta inabadilisha miguu tu, umeme haiugusi. Kwetu ukutani kuna volti 230, Marekani kuna 120, Japani 100. (Japani hata wao kwa wao hawajakubaliana: Tokyo umeme wao ni wa hezi 50 na Osaka 60, tangu karne ya 19, mmoja aliponunua mitambo Ujerumani na mwenzake akanunua Marekani.) Chaja ya simu haina shida, kwani ukisoma yale maandishi ya chungu mgongoni mwake utakuta 100 hadi 240, maana yake inakula popote. Vyenye shida ni vyombo vinavyochemka na vinavyozunguka. Na vyombo hivyo ndivyo shangazi yangu anavyovipenda.

Alikwenda Minnesota kumtunza binti yake aliyejifungua, na alikwenda na pasi yake. Nilimwambia Marekani pasi zipo. Akasema zipo, lakini hazina uzito. Adapta niliyompa iliingia, pasi ikaingia, kitaa kikawaka, shangazi akafurahi, na joto halikuja. Umeme wao ni kama nusu ya wetu, na mkondo unaopita kwenye waya wa pasi nao unabaki nusu, kwa hiyo joto linabaki robo tu. Alinipigia simu ya video kunionyesha: kiganja chake kimelala juu ya pasi inayowaka, ametulia kabisa, ananiuliza kama nimemroga. Kanga za mtoto alizinyoosha hivyo hivyo kwa muda wote aliokaa. Pasi ya binti yake, iliyokuwa kabatini, hakuigusa.

Alipoondoka, binti akampa zawadi ya blenda, mpya, nzito, ya kule kule. Safari hii shangazi hakuja kwangu. Alikwenda kwa fundi wa mtaani, na fundi akafanya ambalo mafundi wetu hufanya wakiona plagi wasiyoijua: akaikata kichwa na kufunga plagi ya miguu mitatu, safi, na utepe mweusi juu yake. Ikawekwa maparachichi na maziwa. Nilikuwapo sebuleni. Ile blenda ilizunguka kwa kasi ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia, ikapiga mlio mmoja mwembamba, parachichi likapanda mpaka darini, kisha jikoni pakanuka waya ulioungua. Mota iliyotengenezewa volti 120 ilikuwa imekula 230.

Fundi aliitwa, akainusa, akasema koili imekwisha. Akaongeza kwamba vitu vya Marekani vinataka transfoma ya kushusha umeme, na kwamba yeye alidhani mama anajua. Kesho yake shangazi akaenda Kariakoo, akainunua, kubwa, ya kubebwa kwa mikono miwili, kwa bei ambayo ingemnunulia blenda ya kawaida na chenji ikabaki. Nikamuuliza ya nini sasa, na blenda imekwishakufa. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito.

Jumapili alimpigia binti yake Minnesota. Alimwagiza blenda nyingine, ya kule kule, iwe kama ile ile. Za hapa dukani, alisema, haziwezi kutumia transfoma.