Blanketi la Theluji Temeke

Masanduku mengi ya huduma ya kwanza yanayouzwa yakiwa yamejaa tayari yanaonekana kutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepotea. Fungua kifuniko uone: dira, filimbi, na blanketi jembamba la rangi ya fedha la kumkinga majeruhi na baridi. Ni vitu vya maana sana kwa anayepanda Kilimanjaro. Lakini mnunuzi wetu anakaa Temeke, ambako Februari hata shuka anaitupa pembeni usiku, na hatari inayomvizia iko hatua chache tu kutoka kitandani: mbuzi ya nazi. Vidole vikishakwaruzwa na mbuzi, dira haina kazi, kwani kidonda unakijua kilipo na nazi unaijua ilipo. Sanduku lichaguliwe kwa kuanzia jikoni, si kwa kutazama picha ya mlima iliyochapwa juu yake.

Hata historia iko upande wa jiko. Johnson & Johnson walipoanza kuuza masanduku haya Marekani mwaka 1888, walilenga wafanyakazi wa reli, watu walioumia mbali na daktari; lilikuwa sanduku la ajali zinazojulikana, za watu wanaojulikana. Plasta ya kubandika nayo ilibuniwa mwaka 1920 na Earle Dickson, mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo, kwa sababu mkewe Josephine alikuwa akijikata na kujiunguza kila akipika. Basi nawe fanya hesabu ya nyumba yako. Kisu cha kumenyea muhogo hakikosi kuteleza, na mtoto hakosi kulishika jiko la mkaa siku ile aliyokatazwa mara tatu. Kwa kuungua, tiba ya kwanza haimo hata sandukuni: ni maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, na bomba likiwa kavu, ndoo na kata vinatosha. Kisha kitambaa safi kisichonata. Dawa ya meno ibaki mswakini, na unga wa ngano usubiri chapati. Paketi za ORS za kuyeyusha kwenye maji, ambazo zina kazi kubwa mtoto anapoharisha, mara nyingi hazimo katika sanduku la mpanda mlima; ziongeze mwenyewe. Kanga nayo iingie, maana inafunika na inaning'iniza mkono uliovunjika.

Wapo watakaosema dharura haipigi hodi, hivyo heri kuwa na vingi. Kweli haipigi hodi, ila vingi ni vya kupekuliwa, na damu inapotoka mkono unatakiwa ubonyeze kitambaa safi juu ya kidonda bila kuachia. Hauwezi kubonyeza huku unachambua filimbi. Wengine watasema sanduku la dukani limepangwa na wataalamu. Sina ugomvi nao, ila mtaalamu huyo hajawahi kukuona ukipara samaki. Na anayejitetea kwamba hospitali iko jirani akumbuke kuwa foleni nayo iko jirani.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine: sanduku likiwa na vitu vya maana, wenye nyumba watalitafuna. Pini zitaishia kwenye mitandio na pamba kwenye rangi ya kucha, huku vidonge vya maumivu vikiisha kwa vichwa vinavyouma kila ikifika zamu ya kuosha vyombo. Kufuli si jawabu. Sanduku lenye kufuli ufunguo wake hukaa na baba, na siku ya ajali baba huwa Morogoro. Liwekwe juu, mtoto asifike, bila ufunguo, na kila mtu mzima alijue. Kuhusu wizi wa ndani nakubali nimeshindwa nusu, kwa hiyo ukienda dukani nunua mikasi miwili: mmoja wa bendeji, mwingine wa samaki.