Mteja Akishalipa Kianzio

Mteja akishalipa kianzio, huamini amelipia na anga. “Kaka, Jumamosi mvua haitanyesha, eti?” huniuliza, kwa sauti ile ile anayomuuliza mpishi kama wali utatosha. Nikimwambia mvua haina namba yangu ya simu, hucheka kidogo, kisha: “Lakini wewe ndiye mtaalamu.”

Napiga picha za nje hapa Dar es Salaam, na wachumba wote wanataka Coco Beach na jua la jioni. Tena wanalitaka mwezi Aprili. Masika ni Machi hadi Mei, kila mtu anajua, ila makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Pasaka ikipita, harusi zinafumuka zote kwa pamoja, mvua nayo ndiyo imepamba moto. Wenye majoho ya mahafali huja Novemba, wakakutana na vuli. Juni kunakauka, lakini kusi limeingia: shela linaelekea Msasani, msaidizi wangu anakimbiza reflekta.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausoma kila siku. Husema mvua itanyesha “katika baadhi ya maeneo”, na baadhi hayo ndiyo niliyoyapanga. Au kwangu jua linawaka, mteja yuko ng’ambo ya Mto Msimbazi. Mvua imenyesha huko vilima vya Pugu, mto umefurika, Jangwani hapapitiki. Mwanga mzuri upo, wa kupigwa picha hayupo.

Mkataba wangu unasema mvua ikinyesha tunasogeza tarehe. Mteja husaini bila kusoma. Siku ikifika tunagundua gauni la kukodi linarudishwa kesho asubuhi, na mpambaji hajasaini chochote.

Ila kinachonitesa zaidi si mvua, ni mawingu. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, ambao hawakuwahi kupiga picha. Wingu jepesi hulainisha mwanga usoni. Jua la saa sita humtia mtu vivuli chini ya nyusi mpaka aonekane hajalala tangu posa. Nenda sasa kamweleze shangazi wa bibi harusi mtarajiwa.

Mmoja alikuja ufukweni na bibi harusi wake, na wingu lilikuwa tulivu, la kuombea dua. Nikainua kamera.

“Mwanangu, hapa giza. Tusubiri jua.”

“Shangazi, mwanga huu ndio wenyewe.”

“Tusubiri.”

Tukasubiri, mvua ikaja. Tukakimbilia kibanda cha mihogo, gauni limekusanywa mikononi kama nguo za kufuliwa. Mwenye kibanda akatupisha kwa sharti kwamba tununue. Bwana harusi akanunua. Nikapiga hapo hapo: bibi harusi ameshika muhogo wenye pilipili, nywele zimeloa, anacheka kwelikweli.

Wiki iliyofuata shangazi akanipigia. Picha amezipenda, ila je, siwezi kuzitia jua kwenye kompyuta? Nikatia, rangi ya dhahabu toka pembeni, jioni ya Coco Beach kabisa. Akazitazama kwa muda.

“Nzuri, mwanangu. Lakini jua umelizidisha. Ona mtoto anavyotokwa na jasho.”