Kutoka Katana Hadi Kavumu, Mkavu

Njia ya uhakika ya kupanda kinga, yaani baiskeli, bila kulowa huku kwetu ni kuipanda Juni, Julai na Agosti. Kuanzia Septemba hadi Mei, miezi tisa tu, pumzika nyumbani. Watoto waambie chakula kitarudi Juni, wataelewa.

Ukishindwa na hilo, soma mbingu. Ukielekea Kavumu, mlima Kahuzi uko kulia kwako, mita 3,308, na wingu likishavaa kilele kile mchana, unao muda wa kutosha wa kukata tamaa. Pale Lwiro kuna kituo cha utafiti, mrithi wa taasisi waliyoiunda Wabelgiji mwaka 1947. Wanajua kupima mvua inayoanguka ardhini. Ile inayoingia kwenye kola bado haijapata mtaalamu.

Sasa vazi. Tafuta shitingi nzima ya plastiki, isiyo na tundu, ikunjue kwa heshima, kisha uifunge juu ya gunia la makala, makaa yako ya kuuza. Ndiyo, la makala. Ulidhani ni yako? Makala yakilowa mnunuzi anayakataa. Wewe ukilowa unakauka bure. Kwa hiyo gunia livae shitingi, simu ivae saché mbili, noti zivae ya tatu, na kichwa chako kipewe jani la mgomba, ambalo litapasuka mara upepo wa ziwa ukianza. Viatu vitundike shingoni, angalau vyenyewe vifike safi. Lori likija, sahau mvua ya juu: ya chini inakuja kwa ubavu, nyekundu, na ina mawe.

Hapa nisikilize bila kucheka. Ringi ikilowa, breki haishiki. Kabla ya mteremko bana breki kidogo kidogo ili uipanguse ringi, na ukiona bado inateleza, shuka usukume. Kukanyaga tairi kwa kandambili ni ufundi wa siku za jua.

Mvua ikizidi, jibanze barazani kwa mwenye duka. Atakuchekea kidogo, kisha atauliza unanunua nini. Afadhali panapouzwa kasiksi, pombe ya ndizi: nje utabaki mkavu, ndani utalowa vizuri, na mvua utaiona bado inanyesha hata ikishakatika.

Sokoni Kavumu, fungua shitingi mbele ya mama mnunuzi. Atatia mkono guniani, atakuta makala makavu kabisa, kisha atakuomba upunguze bei, maana unamdondoshea maji.